Kwa Nini Jani la Bangi Lina Vidole

Zamani, wakati vitu vingi vilikuwa bado havijaamua vitakuwaje, mmea wa bangi haukuwa na harufu. Ungeupita kama unavyompita mtu usiyemjua sokoni. Jani lake lilikuwa zima na la mviringo, halina pengo wala meno. Dume na jike walikaa katika shina moja, kama mke na mume katika kitanda kimoja, wakinuniana jioni na kupatana kabla ya alfajiri. Hakuna aliyeuvuta, hakuna aliyeutafuna, wala hakuna aliyewahi kufungwa kwa ajili yake. Watu waliupanda kwa sababu moja tu: ganda la shina lake lilitoa kamba, na kamba hiyo ilikuwa ngumu kuliko neno la mama mkwe.

Hayo yalikuwa Eldera, katika jangwa ambalo jua lake halina dini. Msimulizi wenu amepita majangwa kadhaa katika maisha yake, na hekima pekee aliyorudi nayo ni kwamba mtu abebe maji mengi kuliko maneno. Maji amejifunza kubeba. Maneno bado yanamzidi, kama mnavyoona.

Kisima cha Eldera kilikuwa kimoja, kirefu kiasi kwamba ukitupa jiwe ndani ulikuwa na muda wa kusahau kuwa umelitupa, ndipo lisikike. Maji yalivutwa kwa ndoo ya ngozi, na ndoo ilining'inia kwenye kamba ile ya bangi. Karibu na mdomo wa kisima alikaa mzee mmoja aliyeitwa Dulacha, ambaye cheo chake kilikuwa baba wa zamu. Kazi yake ilikuwa kuamua nani anywe na nani angoje, na hakuna aliyemwonea wivu. Zamu ya kwanza ilikuwa ya mgeni, kwa kuwa mtu aliyetoka jangwani anaijua kiu ya leo, na mwenyeji anaijua ya jana. Baada ya mgeni, watoto. Baada ya watoto, watu wazima, kisha ndama, mbuzi, punda, na mwisho kabisa ngamia, kwa sababu ngamia anajua kungoja kuliko viumbe wote, ingawa hajawahi kufurahi.

Mmea haukuwa na zamu. Ulikunywa kinachomwagika mifugo inaposukumana, na nyakati zile kilichomwagika kilitosha.

Mgeni, yeye, alitunzwa hata asipokuwapo. Nyuma ya nyumba ya mwisho ya Eldera, mahali ambapo njia ya jangwani inaingilia, palikuwa na jiwe kubwa linaloegemea upande kama mtu anayesinzia. Chini ya kivuli cha jiwe hilo ulifukiwa mtungi wa udongo hadi shingoni, ukafunikwa kwa kata. Kila jioni Dulacha aliujaza. Mtu yeyote akitokea jangwani, hata kama amebakiwa na nguvu za kutambaa tu, alijua kwamba akilifikia jiwe amefika. Na mwenyeji wa Eldera, ulimi ukimning'inia hadi kifuani, asingethubutu kuugusa mtungi ule. Watoto walifundishwa hivyo kabla hawajafundishwa majina ya babu zao.

Nyumba ile ya mwisho ilikuwa ya Talaso, mke wa Guyo. Talaso ndiye aliyekuwa msokota kamba wa Eldera. Yeye ndiye aliyemenya maganda ya ule mmea, akayaponda kwa rungu, akayaanika, akayasokota juu ya paja lake mpaka paja likawa na alama ya kudumu, laini kama jiwe la kusagia. Mumewe alipenda kumtania kwamba mguu mmoja ameuoa yeye, na mwingine umeolewa na kisima. Walikuwa hawajajaliwa mtoto, na katika mambo yote ya dunia hilo tu ndilo hawakulifanyia utani.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Iliyofuata nayo ikakataa. Guyo akakusanya ngamia wao, akawapakia magadi, akasema anakwenda kwa wakulima wa ng'ambo ya jangwa kubadilishana mtama.

"Wewe sokota kamba, mimi nilete mtama," alimwambia mkewe. "Tutaona nani atamaliza kwanza."

"Mimi," alisema Talaso. "Wewe utasimama kila kambi kusifia ngamia wa watu."

Guyo akacheka, akaondoka. Talaso alimtazama mpaka ngamia wakawa vidoa, na vidoa vikawa mtetemo wa joto, kisha akarudi kwenye kamba yake.

Haukupita muda maji ya kisima yakaanza kushuka. Ndoo ilirudi nusu, kisha robo, kisha ikarudi na tope. Maji yalikuwapo, watu waliyasikia yakinong'ona kule chini, lakini kamba haikuyafikia. Wakaunga kamba kwa mikanda, kwa hatamu za punda, kwa mbeleko za watoto. Ngozi ikilowa hunyooka na kukatika, na siku moja ndoo ikatumbukia na mbeleko ya mtu. Ikabidi ishonwe ndoo nyingine, na kamba ya kweli isokotwe, ndefu kuliko zote zilizopata kusokotwa pale.

Hapo ndipo Eldera ilipojikuta inajifukuza mkia. Kamba ilitaka mmea, mmea ulitaka maji, na maji yalitaka kamba. Ile mimea ya Talaso ilikuwa vijiti vya kuwashia moto. Hakuna tena kilichomwagika. Mifugo ilikuwa imejifunza kunywa bila kusukumana, na watu waliokuwa wakijifuta jasho sasa walilitazama mara mbili kwanza.

Talaso akaenda kwa baba wa zamu, mbele ya watu wote.

"Mzee, naomba zamu ya mmea."

Dulacha akatikisa kichwa. "Kisicho na mdomo hakina zamu, mwanangu."

"Kisima nacho hakina mdomo, kina shimo tu. Kamba isipofika chini, sisi sote tutabaki na midomo ya pambo."

Watu wakakubali kwamba amesema kweli. Wakakubali pia kwamba zamu itolewe, mradi isiwe ya mtu aliyepo. Waliokuwa na watoto waliwakumbatia watoto. Mwenye ngamia alisema ngamia wake wameshangoja vya kutosha kwa maisha haya na yajayo. Jirani yake Talaso, mwanamke mmoja mcheshi aliyeitwa Kabale, alikuwa na mbuzi mmoja tu, mwizi asiye na haya, aliyekuwa amekwisha kula mikeka, kofia na nusu ya mlango. Wote wakamgeukia.

"Msinitazame hivyo," alisema Kabale. "Mbuzi huyu akikosa maji atakula nyumba zenu."

Watu walicheka kidogo, kicheko kikavu, kisha kikaisha. Ndipo Talaso akasema neno ambalo hata yeye alilisikia kama limesemwa na mtu mwingine.

"Iko zamu moja isiyo na mtu."

Hakuna aliyeuliza ni ipi. Dulacha alichorachora mchangani kwa fimbo yake kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Mgeni hayupo hapa ajitetee."

"Tangu mvua zikatike, nani amepita njia ile?" aliuliza Talaso. "Kila jioni unaujaza mtungi, na kila jioni unaukuta jua limeunywa. Tunalinywesha jua, mzee. Mimi nakuomba tuunyweshe mmea. Kamba ikifika majini, mgeni atachimbiwa mitungi kumi."

Kabale alimvuta Talaso pembeni. Mwanamke huyu alikuwa na mdomo mwepesi, lakini moyo wake ulikaa mahali pake. "Dada, na Guyo je? Si yuko njiani?"

Talaso akatabasamu. Kwa kweli yote aliyoyafanya aliyafanya kwa ajili ya Guyo. Aliona ngamia wao wakirudi wamepakia mtama, wakikuta birika la kunyweshea mifugo limejaa, na mumewe akikiri mbele ya watu kwamba ameshindwa mashindano. "Guyo atapitia njia ya misafara, kwenye kisima, na viriba vyake kiunoni," alisema. "Na mume wangu si mgeni. Mume wangu ana mlango."

Siku hiyohiyo waliufukua mtungi wa mgeni. Dulacha hakuushika, aligeuza uso, akasingizia vumbi. Shimo lilipobaki wazi chini ya jiwe, upepo ukalijaza mchanga mwororo, na baada ya muda mfupi pakawa kama hapakuwa na kitu.

Talaso akaanza kilimo ambacho jangwa lilikuwa halijakiona. Alichimba shimo la kumfika kiunoni, akalijaza samadi ya mbuzi na majivu, akaufukia mtungi katikati na kupanda mbegu kuuzunguka. Udongo uliochomwa hivihivi bila kupakwa kitu hutoa jasho, na mizizi hulisikia jasho hilo kama mtoto anavyosikia harufu ya maziwa. Maji aliyatia kabla jua halijachomoza, tone lisipotee. Juu ya udongo alipanga mawe ili upepo usiuibe unyevu. Upande wa magharibi alisimamisha mkeka wa majani ya mkoma, kwa kuwa jua la mchana huua, lakini jua la alasiri hutesa kwanza.

Mmea ukakua. Ulikua kwa namna ambayo watu walikuja kuuangalia kama wanavyokwenda kumwangalia mtoto mchanga, wakisema unafanana na nani. Ulikuwa kijani pekee katika dunia yote ya rangi ya mfupa. Talaso aliukalia karibu, akazungumza nao. "Kunywa, mwanangu," aliuambia. "Baba yako anakuja." Kabale alimsikia siku moja akataka kumtania, kisha akaona afadhali anyamaze.

Mashina yakawa marefu, yakakatwa, yakamenywa. Machache yakaachwa shambani kwa ajili ya mbegu. Kamba ikaanza kurefuka pajani mwa Talaso, ikajikunja katika nyumba yake duru juu ya duru kama nyoka aliyeshiba. Ilibaki sehemu ndogo tu.

Ilikuwa mchana, saa ambazo Eldera hulala. Katika jua lile hakuna anayetoka nje. Hata nzi hutafuta jamaa zao. Talaso na Kabale walikuwa ndani, mmoja ameshika ncha, mwingine anasokota, na Kabale alikuwa akisimulia jinsi mbuzi wake alivyoingia kwa Mzee Dulacha akamlia kilemba mzee akiwa bado amekivaa.

"Mzee aliamka akadhani ni mauti yanamvuta kwa kichwa," alisema Kabale. "Akaanza kutubu. Ametaja madhambi, dada, mengine sikujua kama yanawezekana kwa umri ule."

Talaso alicheka hadi kamba ikamponyoka. Walikuwa hawajacheka hivyo tangu mvua ikatike, na kicheko kilichokaa muda mrefu kikitoka hakina breki. Kila mmoja akimtazama mwenziwe, wanaanza upya.

Katikati ya kicheko hicho wakasikia kitu kinaparura nyuma ya nyumba, upande wa jiwe. Kinaparura, kinatulia, kinaparura tena.

"Si ndiye huyo," alisema Kabale, akifuta macho. "Amekumbuka mtungi."

"Toka hapo!" aliita Talaso. "Hakuna kitu hapo!"

Kikaendelea kuparura. Kikatoa na sauti, kitu kama kukohoa, kama mnyama aliyepaliwa na makapi. Talaso akavua kiatu chake cha ngozi, akainama mlangoni bila kutoka kivulini, akakirusha kipite juu ya paa hadi nyuma, kwa kukisia. Wakakisikia kikitua juu ya kitu laini. Kuparura kukakoma.

"Leo umempata," alisema Kabale. "Mimi mwenye mali nimejaribu mwaka mzima."

Wakacheka tena, hicho kikawa kicheko kirefu kuliko vyote. Kisha wakaendelea na kazi, kwa sababu kamba ilikuwa inakaribia kwisha.

Jua liliposhuka na watu wakaanza kutoka majumbani, mbuzi walikuja wakitokea upande wa kisima, walikoshinda wamelala kwenye kivuli cha ukuta wa birika. Mbuzi wa Kabale alikuwa katikati yao, anatafuna kipande cha kilemba. Kabale alimwona kwanza. Talaso akamtazama yule mbuzi, kisha akautazama mguu wake usio na kiatu.

Alizunguka nyumba polepole. Baadaye watu walisema alitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Guyo alikuwa amelala kifudifudi chini ya jiwe. Ngamia hakuwa nao, wala viriba. Jangwa lilikuwa limewachukua mmoja mmoja kama mtu anavyochuma matunda, na alipoona hana nguvu za kuzunguka kufuata njia ya misafara, alikata kwa njia fupi, njia ya wageni, kwa sababu alilelewa Eldera na alijua kwamba anayelifikia jiwe amefika. Nyumba yake ilikuwa karibu, umbali wa kurusha kiatu. Lakini mtu aliyefikia pale hakumbuki mlango, anakumbuka maji. Alikuwa amechimba mchanga ule mwororo mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, na kule chini kiganja kilikuwa wazi, vidole vimetanuka, vimekauka hivyohivyo. Shingoni alikuwa na kimfuko kidogo cha mtama, hakikufunguliwa. Mgongoni palikuwa na kiatu.

Ni yeye aliyemaliza kwanza.

Walimzika asubuhi. Na kwa kuwa kiu haina msiba, asubuhi hiyohiyo wanaume waliichukua kamba, wakaisokota sehemu iliyobaki wenyewe, vibaya lakini ikashika, wakaiteremsha kisimani. Ikafika. Ndoo ilipanda imejaa, maji meupe, baridi, yanayong'aa. Watu walilia na kucheka kwa pamoja, wakaona haya, wakalia tu. Dulacha alichota kata ya kwanza, akampelekea Talaso kwa mikono miwili.

"Kunywa, mwanangu. Umetuokoa."

Hakulisema kwa ubaya. Lakini yako maneno mema ambayo mtu akiyasikia anatamani angetukanwa.

"Mgeni kwanza," alisema Talaso.

Aliichukua kata, akaenda nayo hadi kwenye jiwe, akaimimina ndani ya lile shimo. Mchanga ukainywa, pakabaki doa, na doa likakauka akiwa bado ameinama. Kisha akaenda shambani. Watu wakamfuata kwa mbali.

Dulacha alitaka kuonyesha kwamba sheria haijafa. Akaamuru mtungi ufukuliwe urudishwe mahali pake. Vijana wakachimba, lakini mizizi ilikuwa imeukumbatia kila upande, imeingia hata kwenye nyufa, na walipouvuta ukapasuka vipande vipande. Ndani yake ulijaa mizizi myeupe.

Talaso alisimama mbele ya mashina yaliyosalia, mabichi, yamenenepa, dume na jike wamekaa pamoja shinani kwa raha. Siku zile mimea ilikuwa bado inasikia. Hakupaza sauti. Waliokuwa mbali ilibidi waambiwe na waliokuwa karibu.

"Mimi ndiye niliyekunywesha, na langu nitalibeba," alisema. "Lakini wewe ulikunywa. Ulikunywa zamu ya mtu ukaota jani la mviringo kama shavu la mtoto. Kuanzia leo chukua mkono wake. Uutoe nje, vidole vyote, kila apitaye auone. Nilimfukuza kwa sababu sikumjua. Wewe usipate kutojulikana popote. Unuke hata ukifichwa ndani ya sanduku. Na hao wenzi wako wanaolala pamoja, watengane. Mmoja ang'olewe mapema, mwingine abaki anangoja, na kadiri anavyongoja ndivyo atokwe na machozi, na machozi yake yawe gundi, yasikauke wala yasidondoke."

Waliokuwa pale walisema waliona majani yakipasuka. Hayakupasuka kwa kishindo. Yalipasuka taratibu, kama mtu anayefungua ngumi aliyoifumba muda mrefu, mpaka kila jani likawa kiganja kilichotanuliwa, kinaelekea juu, kinaomba. Harufu ikatoka, nzito, ikaingia kwenye nguo za watu na haikutoka hata walipozifua. Na shina moja likawa dume tupu, jingine jike tupu.

Wakaogopa. Wakayang'oa madume, wakayalundika na vijiti vilivyobaki, wakachoma. Moshi ukatambaa chinichini, ukazunguka nyumba zote za Eldera.

Wa kwanza kucheka alikuwa Kabale. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa hofu, lakini kicheko kilimpita kati ya vidole, na kilikuwa kilekile cha mchana ule. Wakaanza na wengine, hata wale ambao hawakuwapo, hata Dulacha na ndevu zake, wakicheka pasipo neno la kuchekesha, kila mmoja akimtazama mwenziwe anaanza upya. Kisha macho yakawawia mekundu. Koo zikawakauka wote kwa mpigo, kiu ambayo maji mapya ya kisima hayakuigusa. Halafu njaa, njaa ya mtu aliyetembea jangwa zima na mtama shingoni bila kuula. Na mwisho kabisa pakawa kimya, na katika kimya hicho kila mtu akasikia kitu kinaparura nyuma ya nyumba yake.

Walikaa wametazamana, hakuna aliyethubutu kwenda kuangalia. Talaso peke yake, ambaye hakucheka, aliamka kila mara, akazunguka, akarudi. Inasemwa aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila aliposikia kitu nje, upepo au mjusi, aliamka. Hakuvaa tena kiatu katika mguu ule. Kamba hakusokota tena.

Na tangu siku hiyo, jani la bangi lina vidole. Tangu siku hiyo dume na jike wa bangi hawakai katika shina moja, na mkulima akiona dume linaanza kujitokeza huling'oa mapema, ili jike lililobaki lingoje na kutoa gundi. Na lingojalo zaidi ndilo linalosifiwa zaidi sokoni, kwa kuwa wanadamu hatujapata kuona majonzi tukakosa kuyapimia kilo. Harufu yake haifichiki. Wanaoilima hukimbilia mahali pasipo na watu, wakainyima jina na kuiita mchicha, nayo huwasema kwa upepo.

Katika majangwa yenye joto, kutoka Eldera hadi nchi ambazo msimulizi wenu alipita amepotea njia akidai anatalii, wanaoilima bado huchimba shimo refu, huweka samadi, husimamisha mkeka upande wa magharibi, na hufukia mtungi wa udongo katikati ili mizizi iulalie. Ukiaminika utaonyeshwa. Mtungi wa mgeni, ule wa njiani, chini ya jiwe, hutauona tena popote. Wenyeji watakwambia kwamba siku hizi wageni hubeba maji yao.

Na yule anayevuta, mtazame. Atacheka kwanza, wala hatakwambia nini kimemchekesha. Atakauka koo, ataomba maji, atatafuta chakula. Kisha ataacha kucheka, atainua kichwa, atakushika mkono akuulize kama nawe umesikia mtu nje. Wenziwe watamwambia atulie, ni mbuzi tu.

Mwambie aende akaangalie.